Shamba la shule si gereza

Katika shule nyingi za nchi hii jembe halitolewi kama kitabu. Hutolewa kama hukumu. Mwanafunzi aliyechelewa namba hukabidhiwa fyekeo. Aliyepiga kelele darasani hupelekwa kupalilia shamba la shule. Aliyetoroka juzi huamriwa kuchota maji na kukata majani ya mifugo, na mara nyingine mifugo yenyewe ni ya mwalimu. Ifikapo alasiri, waliofaulu hesabu wamekaa kivulini na madaftari yao, na walioshindwa wako juani na magugu. Baada ya hapo hakuna haja ya mahubiri yoyote juu ya heshima ya kazi. Mtoto amekwisha kufundishwa, tena kwa vitendo, kwamba ardhi ni mahali pa waliolaaniwa na kwamba kumhudumia mnyama ni mzigo wa mkosaji.

Jambo hili limezoeleka hata hakuna anayelishangaa, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Nchi ambayo wengi wa watu wake wanaishi kwa jembe, kwa wavu na kwa mifugo inawafundisha vijana wake kulichukia jembe, kisha inawalaumu kwa kukimbilia mijini. Lakini yako madhara mengine yasiyosemwa. Kwa kuigeuza kazi ya shamba na mifugo kuwa adhabu, shule zimejinyang'anya dawa mojawapo iliyo bora kwa kijana anayeyumba: yule mtoro, yule asiyeongea, yule mwenye hasira zisizo na sababu inayoonekana, yule ambaye walimu wamekwisha kukata tamaa naye.

Mtu na aitazame Mang'ula, katika wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro. Upande wa magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambayo tangu mwaka 1992 ni Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilometa za mraba 1,990, na makao makuu yake yako papo hapo Mang'ula. Upande wa mashariki limetandazwa bonde la Kilombero, bonde la mpunga na miwa, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Katikati inapita Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo wajenzi wake walikuwa na kambi kubwa na karakana hapo Mang'ula. Pahali penye mlima, msitu, mito, reli na mashamba, vyote karibu na mlango wa shule, hapawezi kusemwa kuwa pamekosa vifaa vya kufundishia.

Kijana wa bonde hili ana matatizo yake, na mengi hayakuanzia darasani. Msimu wa mpunga ukiingia, familia nyingi za Kilombero huhama vijijini na kwenda kukaa mashambani kwa miezi kadhaa, zikipalilia na kuulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Watoto wa shule wengi huachwa nyuma, mkubwa akimlea mdogo. Kijana wa miaka 14 anakuwa mwenye nyumba bila mapato na bila mtu wa kumwuliza amekula nini. Wengine huvutwa na vibarua vya miwa, wengine na pikipiki za abiria. Wasichana wengine hupata mimba. Na tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu waliokatiza masomo kwa sababu hiyo kurudi katika shule za kawaida, baadhi yao wamerejea madarasani wakiwa na mtoto nyumbani na minong'ono mgongoni. Daftari la mahudhurio huandika siku ambazo kijana hakuonekana. Haliandiki kwa nini. Siku anayorudi hupokewa kwa majina matatu: mtoro, mtundu, sugu.

Na baada ya majina hufuata kiboko. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mpaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Kila mwalimu anazijua kanuni hizo, na kila mwalimu anajua pia jinsi zinavyovunjwa. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kipigo cha mwalimu aliyemshuku kwa wizi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu yule. Taifa zima lilisikitika. Lakini masikitiko si sera. Aliyetoka kupigwa kwa utoro hapati sababu mpya ya kuipenda shule, na mwalimu aliyenyang'anywa kiboko bila kupewa njia nyingine hushika jembe la adhabu, akidhani amechagua upole. Kumbe amebadilisha fimbo tu.

Haya hayakuwa makusudio. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kiini chake kilikuwa ni kuikosoa elimu iliyojengwa kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa na kuwaacha wengine wote wakijiona wameshindwa. Wakati ule, kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, wapatao 13 tu ndio waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Shamba la shule lilikusudiwa kuwa jibu la hali hiyo. Lilitakiwa kuwa mahali ambapo wanafunzi wenyewe wanapanga, wanaamua, wanakosea, wanahesabu faida na hasara, na wanaona matunda ya jasho lao katika maisha yao ya shule. Mwalimu alikuwa na hadhari ya wazi kwamba wanafunzi wasigeuzwe kuwa nguvukazi tu ya kufuata amri.

Yaliyotokea yanajulikana. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, shule zilisukumwa kuunganisha kazi na masomo na kuchangia gharama zake zenyewe. Pale ambapo mkuu wa shule alielewa, kazi ilikuwa somo. Pale ambapo hakuelewa, au alielewa akapenda mkato, shamba likawa hesabu ya magunia ya kupeleka taarifa wilayani, na mikono ya watoto ikawa trekta lisilohitaji mafuta. Mayai yakaliwa na wakubwa. Maziwa yakaenda majumbani. Wazazi wakaona, wakanung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Siasa ya elimu ilipolegea katika miaka iliyofuata, maana ya shamba ilikufa, likabaki shamba lenyewe. Na shamba lisilo na maana huangukia mikononi mwa yule asiyeweza kulikataa, yaani mwanafunzi aliyekosa.

Historia, hata hivyo, ina mashahidi wa upande wa pili. Litowa, mkoani Ruvuma, katika miaka ya 1960, shule ya watoto wa vijiji vya Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma ilikuwa imeifanya kazi kuwa sehemu ya masomo hata kabla andiko la 1967 halijatoka. Jumuiya hiyo ilivunjwa mwaka 1969, na shule ikapoteza udongo uliokuwa umeiotesha. Katika miaka ya 1970, Kwamsisi, wilayani Handeni, lilifanyika jaribio la shule iliyofungamana na kijiji chake. Haikuwa peponi kule, lakini hapana anayeweza kusema kwamba wazo lile halikupata kutekelezwa na Mtanzania yeyote. Lilitekelezwa, kisha likaachwa.

Sasa liulizwe swali lenyewe: mbuzi, kuku au mche wa msituni unaweza kumfanyia nini kijana aliyemshinda mwalimu mwenye shahada?

Kwanza, mnyama hajui matokeo ya mtihani. Kijana aliyeshika nafasi ya mwisho darasani akiingia bandani hupokewa sawasawa na aliyeshika nafasi ya kwanza, ilimradi ameleta majani. Kwa mtu ambaye kila siku anapimwa na kila siku anapungua, hapo pana pumziko kubwa. Pili, mnyama hulazimisha mpango wa siku. Kuku hangojei kijana aamke apendapo; mbuzi mwenye kiu hasikii udhuru. Yule ambaye maisha yake hayana saa, kwa kuwa nyumbani hakuna mtu wa kumwamsha, hupata saa yenye pumzi. Tatu, matokeo ya tendo huonekana upesi na hayana upendeleo. Banda lisiposafishwa, kuku wanaugua. Chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ikisahauliwa, ugonjwa ukipita unaweza kulifagia banda zima. Mtetea akiatamishwa vizuri, siku ya 21 vifaranga hutoka, na hakuna mkaguzi anayeweza kuvifuta kwa kalamu nyekundu. Nne, na hili ndilo kubwa, mnyama humtegemea mtu. Kijana aliyezoea kuwa tatizo la watu wengine anakuwa, kwa mara ya kwanza, jibu la haja ya kiumbe kingine. Mikono iliyozoea kupigwa na kupiga hujifunza kushika kwato bila kuumiza.

Wafugaji wa nchi hii walijua mambo haya kabla ya chuo chochote cha ualimu. Mtoto wa mfugaji hapewi kundi zima siku ya kwanza. Hupewa ndama na wanambuzi karibu na boma. Akionekana makini huongezewa. Na siku anayokabidhiwa ng'ombe wa baba yake, ukoo mzima unajua kwamba ameaminiwa. Hiyo ni dhamana. Shule imechukua kazi ile ile, majani yale yale na kinyesi kile kile, ikaipa jina la adhabu. Kazi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maana yake moyoni mwa anayeifanya. Na katika malezi, maana ndiyo kila kitu.

Wasomi wanaotaka ushahidi kutoka mbali wasikose. Mwaka 1796, katika mji wa York, Uingereza, Wakristo wa jumuiya ya Marafiki walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili iliyojitenga na desturi ya minyororo, na katika nyua zake walifugwa sungura na kuku ili wagonjwa wawe na kiumbe cha kukitazama na kukitunza. Mwaka 1947, katika jimbo la New York, Marekani, ilianzishwa shule ya Green Chimneys, ambayo inawapokea watoto wenye matatizo makubwa ya hisia na tabia, na ambayo mifugo na bustani ni sehemu ya mafunzo yake. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Boris Levinson wa huko huko alieleza jinsi mbwa wake alivyowafungua midomo watoto waliokuwa hawazungumzi na mtu. Leo yako mashamba ya malezi katika Uholanzi na Norway, na madaktari wa huko huwaelekeza vijana kwenda kufanya kazi humo.

Lakini hapana haja ya kuvuka bahari ili kuamini. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wametunzwa kwa kazi ya mikono na ya shamba tangu enzi za Wajerumani. Baada ya uhuru, Tanzania yenyewe ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliopata nafuu, kikiwemo Hombolo nje ya Dodoma na Vikuruti nje ya Dar es Salaam, ili mtu arudi katika jamii kwa njia ya jembe, mifugo na majirani badala ya kufungiwa wodini. Nchi iliyotambua kwamba shamba linaweza kumsaidia mtu mzima aliyepatwa na maradhi ya akili ina udhuru gani wa kulitumia shamba hilo hilo kumdhalilisha mtoto wa miaka 14 ambaye maradhi yake ni upweke?

Haifai kutia chumvi. Wataalamu wenyewe wanakiri kwamba tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa kwa makundi madogo ya watu, na mbuzi si daktari. Mbuzi hamrudishi mzazi aliyefariki, haondoi njaa, hakomeshi ukatili wa nyumbani. Mtoto aliyebakwa anahitaji sheria, na mtoto mwenye kifafa anahitaji hospitali. Kinachodaiwa hapa ni kidogo na kinawezekana: kwamba kumkabidhi kijana uhai wa kuutunza, chini ya macho ya mtu mzima anayemjali, humfungulia mlango ambao kiboko huufunga.

Darasa la nje ni ndugu wa banda la mifugo, na hapo Mang'ula imepewa utajiri ambao shule za mijini zingeulipia. Maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka mita zipatazo 170, yako ndani ya hifadhi. Katika msitu ule anaishi ngolaga, nyani wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote na kumwita kwa jina lake. Hilo pekee ni somo la mwezi mzima kwa kijana aliyeambiwa kwamba watu wake hawajui kitu. Yuko pia mbega mwekundu, ambaye makao yake ni milima hii na misitu ya jirani. Bondeni yuko sheshe, swala wa ardhi ya majimaji, ambaye kwa miaka mingi bonde hili lilihesabiwa kuwa ngome yake kuu barani Afrika na ambaye idadi yake imeporomoka. Kijana asiyeweza kutulia dakika kumi mbele ya ubao huweza kukaa kimya nusu saa akingojea mbega atokeze, kwa kuwa kimya hicho kina sababu. Kupanda mlima na wenzake, akimsubiri aliyechoka na kugawana maji, humfundisha uraia kuliko sura nzima ya kitabu cha uraia.

Tena vipo vyombo. Vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980 ili kuwapeleka wanafunzi kwenye mali hai ya nchi yao. Mwaka 1991 Jane Goodall alianzisha Roots & Shoots hapa hapa Dar es Salaam kwa vijana wachache, na leo imeenea duniani. Mang'ula, tangu mwaka 2006, pana kituo cha kufuatilia ikolojia ya Udzungwa, ambacho kimehusika pia na elimu ya mazingira katika shule za jirani. Wakulima wa Mang'ula walitundika mizinga ya nyuki kandokando ya mashamba kuwazuia tembo. Na katika vijiji vya Mang'ula A, Sole na Kanyenja imefunguliwa upya shoroba ya tembo ya kuunganisha Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hisabati, jiografia, biolojia, sheria ya ardhi na ugomvi wa kweli wa maisha, vyote viko katika uzio mmoja wa mizinga.

Ni nani basi huchaguliwa kwenda kuyaona haya? Hapo ndipo ubaguzi unapojificha. Ziara ya hifadhini hutolewa kama zawadi: huenda viranja, huenda wenye alama nzuri, huenda wanaojua kumjibu mgeni kwa Kiingereza. Kijana anayeyumba hubaki shuleni akifyeka. Mgonjwa amenyimwa dawa, na mzima amepewa asusa. Walimu wafanyao hivyo hawana nia mbaya. Wanataka shule ionekane vema mbele ya wageni. Lakini shule si duka la kupanga bidhaa nzuri dirishani na kuificha mibovu uani.

Watakuwepo wapinzani, na hoja zao zijibiwe kwa heshima.

Yuko mzazi atakayesema kwamba hakumleta mwanawe shuleni kuchunga mbuzi. Mzazi huyo asidharauliwe, kwa kuwa aliwahi kuona watoto wakifanywa vibarua vya walimu. Jibu lake ni daftari. Kila yai, kila lita ya maziwa, kila shilingi iandikwe na wanafunzi wenyewe na isomwe mbele ya kikao cha wazazi. Nyama au mboga ionekane katika sahani za watoto kwanza. Mahali ambapo hesabu inasomwa hadharani, neno unyonyaji hukosa pa kukaa. Na mahali inapofichwa, mzazi ana haki ya kuja juu.

Yuko mwalimu atakayesema kwamba muda hautoshi, kwa kuwa mtihani wa taifa haumuulizi mtu habari za sungura. Mwalimu huyo afanye hesabu ya muda anaoutumia sasa kuwasaka watoro, kuandika barua kwa wazazi wasiofika, kupiga na kupatanisha. Mwanafunzi asiyekuwepo hafundishwi hisabati hata saa ziongezwe mara mbili. Kinachomleta kijana shuleni saa moja kasorobo, japo ni kuku wake, kimekwisha kuipa hisabati nafasi ya kumpata.

Yuko atakayesema kwamba vijana wenye hasira watawaumiza wanyama. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mlinzi wa shule. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na inawahusu wakubwa na wadogo. Kijana aanze na mdogo wa kumtunza akiwa pamoja na mtu mzima, kama desturi ya bomani, na akionyesha ukatili asifukuzwe wala kupigwa, bali arudishwe hatua moja nyuma na aulizwe kilichompata. Mara nyingi yule anayempiga teke mbuzi anaonyesha alivyofanyiwa yeye.

Yuko ofisa atakayeuliza fedha zitatoka wapi, naye hakosei kuuliza. Lakini hakuna anayedai ng'ombe wa kizungu na mabanda ya saruji. Tena bonde la Kilombero halihitaji makundi mapya ya ng'ombe: wote wanakumbuka operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo iliyozidi katika ardhioevu hii, na uchungu ulioandamana nayo. Shule ya Mang'ula inahitaji kuku kumi wa kienyeji, sungura, mbuzi wawili watatu wa kufungiwa bandani, kitalu cha miche ya asili, na mizinga iliyowekwa mbali na madarasa. Hayo yanawezekana kwa miti, nyasi na nia.

Kinachotakiwa, basi, kinaweza kuandikwa katika karatasi moja na kubandikwa ukutani.

Kazi ya shamba na mifugo ipigwe marufuku kutolewa kama adhabu, kwa waraka, na mkaguzi aiulizie kama anavyouliza habari za vyoo. Utunzaji wa wanyama ukabidhiwe kwa kupokezana, pamoja na Jumamosi na likizo, na vijana wanaoyumba wawe wa kwanza kupewa dhamana, huku wakichanganywa na wenzao, kwani kikundi cha wakosaji peke yao hugeuka tena kuwa gereza. Mwalimu mmoja wa kila shule apunguziwe vipindi ili awe mlezi wa kazi hiyo, naye awe mtu anayependwa na watoto, si yule anayeogopwa. Ofisa mifugo wa kata afike kufundisha chanjo na magonjwa; ofisa ustawi wa jamii afike kuwasikiliza wale ambao banda limewafungua midomo. Hifadhi ya Udzungwa na shule zipange siku ya kudumu ya darasa la msituni, kwa askari wa kuongoza, maana humo wamo tembo na nyoka na si mahali pa mchezo. Na orodha ya wanaokwenda ianze na majina ya mwisho darasani.

Jambo moja zaidi linawahusu wakubwa wa elimu. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na kilimo na ufugaji vimo. Ni hatua njema. Lakini ikiwa walimu wataufanya mkondo huo kuwa jalala la walioshindwa, na wazazi wakauona hivyo, basi jembe la adhabu litakuwa limepandishwa cheo na kupewa cheti. Mkondo wa amali utaheshimiwa siku ambayo mtoto wa mkurugenzi atauchagua, na siku ambayo mwalimu wa ufugaji atakuwa mtu wa kuulizwa ushauri katika kikao cha shule.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imetumiwa mno na wenye fimbo, kana kwamba kukunja ni kuvunja. Mvuvi wa Kilombero anajua tofauti. Samaki anayelazimishwa akiwa amekauka huvunjika vipande; aliye mbichi hukunjwa kwa mikono miwili, polepole, na mtu anayetaka abaki mzima. Bonde lina mikono hiyo. Lina walimu walioapa kulea, lina mlima ulio wazi, lina watoto ambao kila msimu wa mpunga huachwa peke yao wakingoja mtu wa kuwaamini. Mkuu wa shule hahitaji kungoja kikao cha bajeti ili kuanza. Kesho asubuhi, wakati wa namba, na amwite mtoro wa kwanza katika orodha yake, asimpe fyekeo. Ampe ufunguo wa banda.